Nilimfanyia Binti Yangu Kazi za Shule Ili Nisiaibike

Nipigieni makofi kwanza kabla hamjanitukana. Mimi ni mwanamke mzima, fundi wa cherehani, mama wa watoto watatu, na nimefaulu Gredi ya Nne vizuri mno. Mwalimu aliniandikia "kuzidisha matarajio" kwa wino mwekundu. Kasoro ni ndogo tu: mwanafunzi hakuwa mimi. Mwanafunzi alikuwa binti yangu.

Nimekosa, na kosa ni langu. Nalisemea hapa kwa sababu hapa hamnijui. Kulisema kanisani kwetu ni sawa na kulipeleka redioni, tena bila kulipia tangazo.

Binti yangu nitamwita Achieng, ingawa si jina lake. Ni kitinda mimba. Tunaishi Mbita, na nyumbani kwa mume wangu ni Rusinga, ng'ambo ya daraja. Yeye husaga mawe ya dhahabu Osiri, kule Migori, na huja nyumbani anapojisikia kuja. Mimi nina kibanda sokoni, nashona sare za shule na za kwaya. Akina mama wote wa mtaa huu wananijua, nami nawajua, na tunajuana hadi kiwango cha kero. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia.

Achieng alichelewa kuongea. Alichelewa kuhesabu. Alipoingia shule, herufi zikamkataa. Leo unamfundisha "m", anaitaja vizuri, mnafurahi, mnakunywa chai. Kesho anaitazama hiyo "m" kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi. Dada zake walikuwa wakisoma mabango ya madukani wakiwa bado wadogo kabisa, kwa hiyo mimi nilikuwa nimejipa cheo cha bingwa wa malezi. Nilikuwa hata nawashauri wenzangu!

Lakini masikio ya huyo mtoto, yawa! Ukimwambia kitu mara chache anakishika chote, pamoja na kikohozi chako. Kanisani kwetu, Sabato ya mwisho wa robo mwaka, watoto husimama mbele na kukariri mafungu ya Biblia waliyojifunza. Achieng aliyasema yote bila kukwama, ameshika kitabu mkononi. Akina mama wakanigeukia, wakaniita mama Achieng kwa Kiluo.

"Min Achieng, huyu mtoto wako anasoma vile!"

Mimi nikatabasamu kwa unyenyekevu wa Kikristo. Sikuwaambia kwamba alishika kitabu kwa sababu nilimwambia akishike.

Nyumbani nako sikukosa wataalamu. Mama mkwe aliniita Rusinga akaniketisha. "Nyar Karungu," akaniambia, maana nimeolewa kutoka Karungu, "hiyo mwaka ulipanda mahindi mbele yangu, si nilikuambia? Hii ni chira." Kwa wasiojua, chira ni balaa linalokupata ukivunja mwiko, na mwiko wetu ni kwamba mwenye boma ndiye hutia mbegu ardhini kwanza. Kweli nilitangulia. Mvua iliwahi, na mama mkwe alikuwa Kisumu kwa shemeji. Mahindi yale yalistawi ajabu! Yaani chira ililiacha shamba zima, ikawapita kuku na mbuzi, ikaenda kumngojea mtoto ambaye hata mimba yake haikuwa imetungwa.

Mume wangu naye alikuwa na utafiti wake. "Kwetu hakuna mtu wa hivyo. Uliza kwenu." Akishasema hayo anarudi Osiri, ambako mawe hayamuulizi chochote. Mchungaji akasema tufunge na kuomba. Nilifunga hadi nikaona kizunguzungu kwenye cherehani, sindano ikanipitia kidoleni. Kila mtu alikuwa na sababu yake, na kila sababu ilinirudia mimi.

Sasa niseme lile ambalo akina mama hatulisemi. Nilikuwa nimechoka. Kuna asubuhi nilikuwa nikimfunga Achieng kamba za viatu, kwa kuwa kamba nazo zilimshinda, huku natamani mtu aje anichukue. Si amchukue mtoto. Anichukue mimi, anipeleke mahali ambako hakuna anayeniita mama. Halafu najichukia kwa kuwaza hivyo, nameza dawa ya kichwa, naenda kushona. Jioni nilimfundisha kusoma kwa upole wa hali ya juu, na upole ukiisha nachukua rula ya kupimia kitambaa. Ninyi mnajua ilifanya kazi gani. Alilia, nami nikaenda nyuma ya nyumba nikalia yangu.

Basi hii elimu ya siku hizi ikaniletea wokovu. Inapenda mtoto atengeneze vitu nyumbani, na mzazi amsaidie. Amsaidie! Hakuna neno nililolipenda kama hilo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kifaa cha muziki. Achieng akatafuta mkebe, akatia changarawe, akaufunga kitambaa kilichoning'inia upande mmoja. Ulikuwa unalia vizuri tu, na alikuwa akiuchezea huku anacheka. Mimi nikauona mkebe ule ukipita mbele ya kibanda cha kila mama ninayemjua. Nikamnyang'anya. Nikamtengenezea ngoma iliyowambwa ngozi, ina pindo na shanga, ngoma ambayo ungeweza kuipeleka kwenye harusi. Akarudi na alama za juu kabisa. Niliiangalia ile karatasi nikasikia mwili mzima umelegea kwa raha.

Tangu hapo sikushikika. Kinyago cha kufukuza ndege? Changu kilivaa tai. Kikapu? Nilisuka cha kubebea samaki kweli. Hata kazi za kuandika nilizifanya kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko ufanane na wa mtoto. Fikirieni mama mzima ametoa ulimi nje, anaharibu mwandiko wake kwa bidii!

Achieng alikaa kando yangu kwenye kigoda akichambua vipande vya vitambaa, kila rangi na fungu lake.

"Mama, na mimi nishike?"

"Utaharibu."

"Kidogo tu."

"Achieng, nimesema utaharibu!"

Baada ya muda akaacha kuuliza. Mimi nikaona ni heri, sasa nafanya kazi ya shule bila kusumbuliwa na mwanafunzi.

Mwalimu wake wa darasa hakuwa mjinga. Alikuwa msichana mdogo, hata harufu ya chuo haijamtoka. Siku moja akanipigia simu nifike shuleni, akanipeleka mbali na madirisha tusisikike.

"Mama Achieng, wacha nikuambie ukweli. Homework zake ni safi sana. Lakini darasani hata jina lake hawezi kuandika."

"Ni aibu tu, Madam. Huyo ni mtu wa aibu."

"Si aibu, mama. Wiki hii kuna watu wa tathmini wanakuja kuangalia watoto wenye shida ya kujifunza. Shule jirani inafungua darasa maalum, na kuna mwalimu amesomea hiyo kazi. Nafasi ni chache. Nataka nimuandikishe mapema, lakini lazima wewe ukubali."

Darasa maalum! Jamani, neno hilo lilinichoma. Nikasikia soko zima likilitamka. Nikaona wateja wangu wakinionea huruma, na mimi huruma ya watu naiogopa kuliko malaria.

"Madam," nikamuuliza, "wewe una mtoto?"

"Bado."

"Basi ukizaa wako, umpeleke huko."

Msichana wa watu akainamisha macho. Nami sikuishia hapo. Nilikwenda nyumbani, nikarudi na mfuko mzima wa kazi za Achieng, nikazimwaga juu ya meza ya mwalimu mkuu. Akashika ngoma, akashika kikapu. "Mtoto kama huyu ndiye mnasema ana shida? Huyu atatuwakilisha kwa maonyesho Homa Bay!" Nikamtazama yule mwalimu wa darasa kwa jicho la ushindi. Watu wa tathmini walipokuja, Achieng alikuwa nyumbani. Nilisema ana homa. Mtoto alikuwa mzima kabisa, anachambua vitambaa. Nafasi yake akapewa mtoto wa mtu mwingine, ambaye mama yake alikubali alichoambiwa.

Kwa maonyesho hayo nilijitoa mhanga. Nilishona boma zima la Kiluo juu ya ubao: nyumba ya mama iliyoelekea lango, simba, yaani kibanda cha kijana, karibu na lango, ghala, zizi lenye ng'ombe wa pamba. Paa niliezeka kwa mafunjo ya ziwani. Juu ya lango nikatarizi maneno mawili kwa uzi mwekundu: KARIBU NYUMBANI. Cherehani yangu ikalala bila kazi, sare za watu zikachelewa, wakaja kunigombeza, nami nikawaambia nina jambo la mtoto. Halafu nikamkaririsha Achieng hotuba. Hilo lilikuwa rahisi, niliwaambia masikio yake.

Siku ikafika. Homa Bay, mahema, spika, walimu wakuu wamevaa suti kwenye jua lile. Nilikuwa nimempiga Achieng pasi hadi angeweza kusimama bila mifupa. Akina mama wawili wa sokoni kwetu walikuja pia na watoto wao, na moyo wangu ukafurahi kwamba kuna mashahidi.

Zamu yake ilipofika, akasimama wima.

"Hamjambo wageni waheshimiwa. Naitwa Achieng. Hili ni boma la Mluo. Hii ni nyumba ya mama..."

Alisema yote, anaonyesha kwa kidole, hakuruka hata nukta. Makofi! Mimi nashika simu juu, narekodi, nafuta jasho, naitikia kwa kichwa kama mke wa gavana.

Mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye uso mpole, akasogea akainama karibu na meza. "Vizuri sana, nyathina, mwanangu. Hebu nisomee hapa juu ya lango. Hayo maneno mawili uliyoandika."

Achieng akayatazama yale maneno. Akanitazama mimi. Kisha akanyoosha mgongo.

"Hamjambo wageni waheshimiwa. Naitwa Achieng. Hili ni boma la Mluo..."

"Hapana, mtoto mzuri. Hapa tu. Maneno mawili."

"Hamjambo wageni waheshimiwa. Naitwa Achieng..."

Mtoto mmoja nyuma akacheka. Watoto wengine wakafuata, halafu wazazi, wale wa kufunika mdomo kwa kiganja. Achieng alianza tena. Sauti ilikuwa imeshuka, lakini alikuwa akisema kila neno kama nilivyomfundisha. Hicho ndicho nilichompa, na alikuwa akikitoa chote, maskini, akingoja kuona ni lini kitatosha.

Mama mwenye akili angekwenda akamkumbatia. Mimi akili zangu zilikuwa zimeniacha siku nyingi. Nilichoona ni wale wenzangu wa sokoni, mmoja ameinua simu. Nikapita katikati ya watu, nikamshika mtoto sikio.

"Huyu anajua kusoma!" nikapaza sauti. "Anajua sana! Anafanya makusudi aniaibishe!"

Nikampiga kofi mbele ya Homa Bay yote.

Achieng hakulia. Alishika shavu, akaniangalia usoni kwa makini, kama anayetaka kuelewa somo.

"Pole, mama. Nitaacha."

"Utaacha nini, nyathina?" yule mgeni akamuuliza.

"Kufanya makusudi."

Nasema na ninyi, aliniamini! Mtoto ambaye kwa miaka yote alijaribu hadi jasho likamtoka puani aliamini siku hiyo kwamba alikuwa anajua kusoma na ni ubaya wake tu unaomzuia. Kwa sababu mama amesema, na mama hasemi uongo.

Mgeni hakunigombeza. Aliuliza taratibu, "Mama, nani alitengeneza hili boma?"

Nikamjibu, "Yeye." Ndiyo! Hata hapo! Kofi bado linauma kiganjani na mimi nalinda alama zangu.

Tukarudi Mbita. Sabato ya mwisho wa robo ilipofika, Achieng alisimama mbele na wenzake, akafunga mdomo. Mwalimu wa watoto akamnong'oneza neno la kwanza, kisha la pili. Hakutoa sauti. Hadi leo hajawahi kukariri tena mbele ya watu. Kipaji kimoja alichokuwa nacho waziwazi, kile kilichomfanya ashangiliwe na akina mama wote, nilikimaliza mimi kwa siku moja.

Nami nikalipwa. Wiki chache baadaye nilianguka kibandani, kichwa juu ya sare ya mtu. Hospitali wakapima, wakasema presha. Daktari akaniuliza kama nina mawazo. Nikacheka. Mawazo! Mimi nilidhani hayo ni sehemu ya kazi, kama mama wa watoto anavyokuwa na mgongo unaouma. Akangoja nimalize kucheka, na kicheko kikageuka kilio pale pale, nikalia mpaka muuguzi akafunga pazia.

Mume wangu alikuja kutoka Osiri, vumbi bado kwenye nyusi. Nikamweleza yote, ya kofi na ya mkono wa kushoto. Nilingoja aseme "uliza kwenu". Akaanza kufungua kamba za buti zake.

"Mimi naogopanga kurudi nyumbani," akasema. "Naona vile umechoka na sijui nifanye nini. Basi nakaa huko."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na matusi tayari, mazuri, niliyokuwa nimeyaweka kwa miaka. Lakini nilikosa nguvu, nikamwambia anisogezee maji.

Nilipotoka hospitali nilikwenda kwa yule mwalimu msichana. Nilimwomba msamaha kwa lile neno la kuzaa. Akasema yameisha, akaketi nami, na akaniambia kwamba darasa maalum limejaa, Achieng atalazimika kungoja. Tukangoja mwaka mzima. Mwaka mzima wa mtoto, kwa sababu mama yake aliogopa soko! Na soko lenyewe, mnajua lilisema nini? Walinicheka wiki moja, kisha mke wa mtu akatoroka na fundi wa boda, wakahamia huko. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyakinga kwa mwili wa mtoto wangu.

Sasa Achieng yuko kwenye lile darasa. Anaandika jina lake, herufi moja imeegemea nyingine, lakini ni lake na ameliandika mwenyewe. Sisi wazazi hukutana huko Jumatano. Tunakalia viti vya watoto, magoti yamegusa kidevu, tunalia kwa zamu na kunywa chai. Kuna baba mmoja mvuvi ambaye alimwambia kila mtu mwanawe yuko bweni Nairobi, kumbe amemficha kwa bibi yake. Nilipomsikia nikajua siko peke yangu, na sikufurahi hata kidogo. Kumbe tumejaa hivi, na kila mmoja anaumwa kichwa kwa siri yake.

Kwa hiyo wewe mama, wewe baba, unayesoma hapa huku umeshika gundi ya kazi ya mwanao, nisikilize mimi mwenye cheti. Ukiitwa shuleni, nenda, kaa chini, usikilize hadi mwisho. Ukichoka, sema umechoka, mwambie hata jirani mbea, maana afadhali umbea kuliko presha. Na ukilazimika kudanganya ulimwengu kuhusu mtoto wako, basi danganya, Mungu atakusamehe. Lakini mtoto mwenyewe usimwambie uongo juu yake, maana wako atauamini kuliko wa mtu yeyote.

Nilimwomba Achieng msamaha. Nilimketisha kitandani nikamwambia hakuwa na kosa, hakujua kusoma na hakuna ubaya, mimi ndiye niliyekosa. Akasema, "Sawa, mama." Nikadhani yameisha.

Hayakuisha. Kila jioni akirudi, kabla ya kuvua sare, anakuja anasimama mbele yangu. Jana nilikuwa napakua ugali.

"Mama, leo nimefanya makusudi?"

Nikamwambia hapana, mwanangu, hujafanya. Akashukuru, akaenda kunawa mikono. Ninapoandika haya watoto wako karibu kutoka shuleni, na najua atakachoniuliza akiingia.